Wekundu wa Meneja

Nimepona kifua kikuu, nimekaa kwenye kibaraza cha nyumba yangu hapa Kihesa, na hasira zangu ziko palepale. Najua wengi wakipona huandika kwa upole, wakashukuru, wakaishia hapo. Mimi pia nashukuru. Ila yapo yanayonikera mpaka leo, na nimeona niyaandike, kwa sababu huenda wewe unayesoma umetoka kuambiwa kwamba makohozi yako yana wadudu, na nyumbani wameshaanza kukusemesha kwa sauti ya msibani.

Kazi yangu ni kuchora wanyama. Sichori twiga na tembo wa kuuzia wageni. Nachora wanyama wenye wenyewe. Mbwa wa mzee fulani wa Mafinga, paka wa nyumba ya masista kule Tosamaganga nilikozaliwa, farasi wa shambani, ng'ombe. Watani wangu hawajachoka kushangaa kwamba Mhehe amekaa na mbwa nusu siku, akamchora, kisha akamwacha aende zake bila kumtia sufuriani. Nimeusikia utani huo tangu nikiwa shule na bado nacheka.

Kila mnyama namwanza kwa penseli. Namwendea alipo, nakaa, nafinya macho mpaka rangi zake zinapotea nabaki na mwanga na giza tu. Kisha naweka vivuli: hapa pameng'aa, hapa pa wastani, hapa pamezama kabisa. Penseli ngumu nachorea mifupa ya uso, laini nazamishia shingo na tumbo. Mchoro ukikubali, yaani ukiutazama ukamwona yule mwenyewe na si ng'ombe yeyote tu, ndipo naenda kwenye rangi. Ukikataa, hata ukimpaka dhahabu hatakuwa yeye. Wateja hawapendi kungoja hatua hii. Wanadhani nazubaa.

Mwaka ule mteja wangu mkubwa alikuwa Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Usangu zamani, anaishi nje kidogo ya Rujewa. Alikuwa na dume mwekundu mwenye nundu iliyolalia upande mmoja, akamwita Meneja, kwa kuwa ng'ombe wengine hawakunywa maji mpaka yeye atangulie. Meneja alikuwa anazeeka, na mzee alitaka picha yake ikae sebuleni.

Nilikwenda wakati wa mavuno ya mpunga. Meneja alikuwa shambani anakula mabua, nami nikakalia gunia la pumba nikamchora asubuhi nzima. Nilikohoa sana siku ile, nikasingizia vumbi la mashine za kukoboa. Mzee Masanja alinisikiliza huku anapiga mswaki kwa kijiti, akaniambia kwamba amezika watu waliokohoa namna hiyo, niende hospitali. Nilikasirika. Nikamjibu kwamba sisi wa Iringa tunakohoa tangu tumboni mwa mama zetu, ni baridi tu. Nikarudi nyumbani na mchoro uliokubali kuliko yote niliyowahi kuchora, nikaubandika ukutani kwenye chumba changu cha kazi.

Kisha kipupwe kikaingia, na mwili ukaanza kunikimbia. Nililoa jasho mpaka shuka zinakamulika, wakati nje watu wamevaa makoti. Pete ya ndoa ikanidondoka kwenye beseni la kufulia. Mume wangu, Baba Imani, ambaye ni fundi umeme, akasema ni harufu ya thina za kuchanganyia rangi ninayovuta kule chumbani. Mama yangu akaleta asali na tangawizi kutoka Tosamaganga. Siku nilipokohoa damu kwenye leso sikumwambia mtu. Nilivaa sweta, nikaenda kliniki kwa miguu yangu.

Kliniki ya kifua kikuu haina chumba cha kusubiria. Tunasubiri nje, kwenye mabenchi ya barazani, upepo unatupiga kutoka milimani, ili tusiambukizane. Kila mmoja anakaa ncha ya benchi. Wapo wanaoshusha kofia mpaka puani. Nilimwona jirani yangu wa mtaa wa pili, naye akaniona, tukaangalia kila mtu upande wake kama watu wanaodaiana. Asubuhi moja mama mmoja wa Ilula, ambaye sikuwa namjua kabisa, alimimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa yake, akanywa nusu, akanipa nusu.

"Kunywa, dada," aliniambia. "Hapa wote tunaumwa kimoja. Tutaambukizana nini tena?"

Nilikunywa huku machozi yananitoka. Nyumbani kwangu nilikuwa nimeshatengewa kikombe, kimezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme ili mtu asikosee.

Sista, yule muuguzi wa kliniki, aliwaeleza watu wangu kwamba baada ya wiki chache za dawa siambukizi tena, waache mambo ya vikombe. Wakaitikia, wakaendelea. Binti yetu Imani alipimwa akaonekana hana kitu, lakini bibi yake, mama mkwe wangu anayeishi Uyole kule Mbeya, alikuja kumchukua. Alisimama nje ya geti akanisalimia kwa Kinyakyusa chake, "Ugonile, mwanangu," akiwa ameushika mkono wa mtoto kwa nguvu. Hakuingia. Imani aligeuka mara kwa mara mpaka wakapotea kwenye kona. Niliingia ndani nikapiga teke ndoo tupu, ikabingirika mpaka uani.

Dawa za mwanzo ni vidonge vikubwa, kila asubuhi, kabla ya kula. Baba Imani ndiye aliyekuwa msimamizi wangu: anasimama mbele yangu na glasi ya maji, nameza, anasema fungua mdomo. Wiki ya kwanza niliona mkojo wangu umekuwa rangi ya chungwa, nikacheka peke yangu chooni. Nilisema angalau sehemu moja ya mwili huu bado inachanganya rangi. Kichefuchefu kilinisumbua, magoti yakauma, ncha za vidole zikaingia ganzi. Shavu langu likashuka, nikabaki na macho na meno. Wageni wakija wananiambia nimependeza.

Hapo ndipo ilipoanza ile tabia ninayotaka kuisema. Kwetu mgonjwa habishiwi. Hata akisema jua limechomoza Dodoma likatulia hapohapo, anaitikiwa. Ukimpinga unaonekana huna utu, utadhani ndiye uliyemletea ugonjwa. Nimekulia humo, nami nimewafanyia wengine hivyohivyo kando ya vitanda vyao. Sikujua mgonjwa anavyokuwa peke yake akizungukwa na watu wanaokubali kila kitu.

Makohozi ya mwisho wa awamu ya kwanza yalionyesha wadudu bado wapo. Nikaongezewa muda kwenye dawa zilezile. Kila mtu akaniambia nilale, nisiguse kazi, kazi haikimbii. Nikaona kwamba nikilala tu nitakuwa nimewapa wadudu nyumba nzima. Nikafungua madirisha yote, nikasimamisha kanvasi, nikaanza kumpaka Meneja rangi.

Nilifanya kazi ile kwa vipande, nasimama kidogo, nakaa nikihema. Niliona rangi zangu zimepauka. Nikasema ni kiangazi, ni vumbi, ni rangi za bei rahisi. Nikaongeza nyingine juu yake. Baba Imani alikuja, akatazama, akasema safi sana. Wifi yangu alipita, akasema hajawahi kuona. Mama yangu alipiga makofi, akasema utadhani ng'ombe anahema. Siku zile nilikwenda pia sokoni mwenyewe kwa mara ya kwanza, nikachagua nyanya zilizoiva, nikapika mchuzi. Mchuzi ukawa mchachu. Baba Imani alikula wote, akasema asante mama.

Sista wa kliniki alikuwa ananiuliza kila ninapokwenda kama naona vizuri. Nilimjibu naona vizuri. Nilisoma hata bango lililoko ukutani nyuma yake, herufi kwa herufi, nikamtania kwamba macho ndiyo mtaji wangu. Sikumdanganya. Herufi zile zilikuwa nyeusi.

Mzee Masanja alikuja Iringa kumwona mwanawe anayesoma shule ya bweni, akapitia kwangu. Baba Imani alimpokea getini, nikawaona dirishani wamesimama wanaongea kwa sauti ya chini. Nilidhani wanazungumzia kifua changu. Mzee akaingia, akavua kofia, akajitahidi kunisalimia Kihehe, "Kamwene," nikaitikia. Nikamwekea chai. Akaketi mbele ya kanvasi, akatazama. Chai ikapoa, bado anatazama.

"Mama," akasema mwisho, "picha ni nzuri. Tena pole kwa kuumwa. Sasa huyu ng'ombe ni wa nani?"

Nilicheka, nikamwambia si Meneja huyo. Mzee akamgeukia Baba Imani. Baba Imani alikuwa anaangalia sakafu. Basi mzee akanyanyuka, akaenda mpaka ukutani kwenye mchoro wangu wa penseli, akaweka kidole pale nundu inapolala.

"Meneja ni huyu," akasema. "Nimeambiwa getini nisiseme, lakini mimi siwezi kukana ng'ombe wangu. Yule wa pale umempaka rangi ya majani."

Nikamwuliza mume wangu ile ni rangi gani. Nikamwuliza tena, kwa jina lake la ubatizo, ambalo silitumii.

"Kijani," akasema. "Tangu mwanzo ulikuwa unampaka kijani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaumwa, Mama Imani."

Nimejaribu mara nyingi kueleza nilivyojisikia na sijafanikiwa. Haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira safi, ya kwanza yenye nguvu tangu nianze kuumwa, na ilinisimamisha bila kushika ukuta. Niliwauliza maswali kama askari. Nikajua kwamba mama alijua. Wifi alijua. Walikaa jikoni kwangu wakakubaliana nisivunjwe moyo. Nyanya zile zilikuwa mbichi, za kijani kabisa, na mwuza nyanya alishangaa lakini akaniuzia. Watu wote hawa walinipenda, wakaniangalia nikipofuka rangi moja baada ya nyingine, wakapiga makofi. Mzee Masanja aliaga akiwa amevaa kofia ndani ya nyumba, kwa kuona aibu.

Kesho yake mapema nilikuwa kliniki. Sista alinisikiliza, akaweka kalamu chini, akaenda kumwita daktari. Asubuhi ileile wakaitoa dawa moja kati ya zile ninazomeza, ile inayoweza kudhuru macho, na kunipa barua ya kwenda kuona madaktari wa macho Mbeya. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kuziacha zote. Sista aliona usoni mwangu.

"Hiyo moja tumeitoa sisi," akaniambia. "Hizi zingine ukiziacha mwenyewe utakufa, na utakufa unaona."

Nikazimeza palepale mbele yake. Nakuomba na wewe usome maneno hayo mara mbili.

Tulikwenda Mbeya mimi na Baba Imani, tumekaa kiti kimoja na hatusemeshani. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Kuanzia Mafinga najua jinsi njia inavyokuwa: udongo mwekundu, misonobari ya kijani, ukitazama unatamani kushuka uchore. Safari ile udongo na misonobari vilikuwa rangi moja, ya majivu yaliyolowa. Nilifinya macho kwa mazoea. Nikaona kwamba vivuli vilikuwepo vyote. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unakaa upande wa mashariki wa kila mti, na giza upande wa pili, kama kawaida. Nilitoa karatasi kwenye mkoba nikachora mpaka Makambako, basi likitikisika, Baba Imani akiniangalia kwa pembeni.

Kwenye foleni ya macho watu wanaingia wameshikana mabega. Bibi mmoja aliyefungwa bandeji aliniuliza kama daktari amefika, akaniita wewe mwenye macho. Nikawa namwelezea kila kinachotokea, nani kaingia, nani katoka, nani anasinzia mdomo wazi. Alicheka sana. Alinifanya nijisikie mtu wa maana kwa saa zile. Ndani, daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alinifungulia kitabu cha madoa ya rangi ambacho ndani yake kuna namba, akanitaka nizisome. Niliona madoa. Ukurasa kwa ukurasa, madoa matupu.

"Rangi zinaweza kurudi zote, zinaweza kurudi nusu, zinaweza zisirudi," akasema. "Sitakudanganya, mama. Tusubiri."

Nilimpenda dada yule. Nilitoka na jibu baya kuliko yote niliyopewa mwaka ule, lakini mgongo umenyooka, kwa sababu mtu amezungumza nami kama mtu mzima.

Tulipitia Uyole kumwona Imani. Alinikimbilia, akanishika kiunoni, kisha akaangalia chini akauliza kwa nini mama amevaa soksi mbili zisizofanana. Baba Imani, nyuma yangu, akawahi kusema zinafanana. Kisha akakohoa kidogo, akasema, "Hapana. Hazifanani. Moja nyekundu, moja kijani." Sikugeuka kumwangalia, lakini tuliporudi Iringa tulisemeshana njia nzima.

Baada ya hapo ikawa ni kungoja, na wakati wa kungoja ndipo watu wanapokupangia maisha. Wifi alishauri nifungue genge. Mama alisema kuku wa mayai wanalipa. Mchungaji wetu alikuja kutuombea, akataja kwamba Mungu akifunga mlango huu hufungua dirisha lile. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba mimi nagonga mlango uleule. Kila mtu alinikumbusha nishukuru kwamba niko hai. Nilikuwa nashukuru! Lakini niko hai ili niwe nani? Muuza mchicha asiyejua kama umenyauka?

Nikarudi kwenye penseli. Nilichora mbuzi wa jirani, kuku wa jirani, mbwa asiye na mwenyewe anayelala kwenye kokoto za ujenzi. Vidole vilikuwa na ganzi, kwa hiyo nilijifunza kuishika penseli kwa kiganja na kusogeza mkono mzima kutoka begani. Vivuli vikawa vikubwa, vizito, bila urembo. Nilinoa penseli kwa wembe mpaka zikawa vijiti. Kwenye penseli sikuwa mgonjwa. Hakuna aliyeona chochote kwenye karatasi zile kisichoonekana na mimi, na kulikuwa na mengi niliyoyaona mimi peke yangu.

Kabla mvua hazijaanza Mzee Masanja alipiga simu. Alinijulia hali kwanza, akauliza dawa, akauliza mtoto. Kisha akaniambia Meneja amekufa. Malisho yaliisha, mnyama alikuwa mzee, akalala kandokando ya mfereji mkavu na hakuamka. Nikampa pole. Akasema ile kazi niifanye. Nikamweleza kwamba macho yangu hayaoni wekundu, na sasa hata mwenyewe hayupo nimwendee. Mzee akajibu kwamba yeye haombi haraka, anamwomba Meneja.

Basi nikafuta yule ng'ombe wa kijani, nikaanza upya. Safari hii nilimpaka kwanza kwa nyeupe na nyeusi peke yake, nikifuata mchoro wa penseli kivuli kwa kivuli: nundu, kope, ile mikunjo ya shingo inayoning'inia. Nikamaliza Meneja mzima wa kijivu. Niliposimama mbali nikamwona, nikajua kwamba tayari ni yeye. Kilichobaki ni kumvisha ngozi, rangi nyembamba juu ya kijivu kile ili vivuli visipotee.

Hapo ndipo nilipomhitaji Baba Imani. Alipanga chupa za rangi kwa majina, akaziandika kwa herufi kubwa. Nikampa sharti moja: kila nikipaka, aseme anachokiona, bila kupunguza. Mwanzoni alishindwa. Alisema nzuri. Nikamrushia kitambaa cha thina. Akasema si mbaya. Nikamfukuza chumbani. Jioni moja alirudi, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu anayekiri polisi kwamba shingoni kumekuwa na zambarau. Nikafuta. Akasema sikio limeenda kwenye kijani. Nikafuta. Tuligombana mpaka majirani wakagonga kuuliza kuna usalama. Lakini alizidi kuwa hodari, nami nikazidi kumwamini, na kuna siku niliyodhani nimepatia, nimekaa naifurahia, akatazama muda mrefu akasema, "Hapana, mke wangu. Bado." Nililia siku ile. Kisha nikachovya kitambaa.

Tulifanya hivyo masika yote. Mahindi ya jirani yalipoanza kutoa mbelewele nilimaliza dawa, na makohozi yakaonekana safi. Kikombe cha utepe nilikitupa mwenyewe shimoni. Imani akarudi, bibi yake akamleta mpaka ndani, akaketi, akala, na kabla ya kuondoka aliniomba radhi akiwa ameangalia dirishani. Nimemsamehe. Kusahau bado.

Mbeya nimeshakwenda tena kwenye kile kitabu cha madoa. Baadhi ya namba zimetokea. Bluu na njano ziko sawa. Kijani kimeanza kurudi taratibu, nakiona vizuri zaidi asubuhi. Nyekundu haijarudi. Daktari anasema tuendelee kusubiri, nami nasubiri huku nafanya kazi.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye benchi la upepo, sikiliza. Meza dawa zako zote, mpaka siku ya mwisho, hata zikikutapisha. Usiondoe hata moja kwa kichwa chako. Lakini usingoje kuulizwa. Shika nyanya, shika kanga, tazama sare za watoto wa shule, na ukiona rangi zimepauka, ukiona ganzi, ukiona chochote, kaseme kliniki siku hiyohiyo. Usijione msumbufu. Sumbua. Na nyinyi mnaomuuguza, mbebeni, mlisheni, mwombeeni, lakini msimpigie makofi mkiona anakosea. Mnadhani mnamtunzia moyo. Moyo wangu ulikuwa mzima wakati wote. Macho ndiyo yaliyohitaji mtu wa kuyasemea.

Mzee Masanja alikuja kuchukua picha yake wiki iliyopita, viatu vyake vimejaa tope la Usangu. Baba Imani hakumwambia kitu getini. Nilikaa kwenye kigoda, mikono nimeibana katikati ya magoti, maana sikuwa na uhakika na yule ng'ombe. Vivuli nilivijua. Ngozi nilikuwa nimeambiwa tu. Mzee alisimama mbele ya kanvasi akiwa ameshika kofia. Alisogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande ule nundu inakolalia. Kisha, hapo katikati ya sebule yangu, akapiga mluzi mrefu, ule wa kumwita ng'ombe aje kunywa maji.

Nikaona kwamba nisipomwambia sasa sitamwambia tena.

"Mzee," nikasema, "nisikufiche. Huo wekundu wake, mpaka leo mimi siuoni."

Hakugeuka. Aliendelea kumtazama Meneja.

"Mimi nauona," akasema.